Espreso inakimbia, mashine inanguruma: kurekebisha mashine ya kusagia kahawa ya nyumbani

Kahawa ya dele humsamehe anayesaga. Hata buni zikitwangwa kinuni na punje zisilingane, zikichemka juu ya mkaa ladha hutoka, na mashapo hutuama kabla kikombe hakijafika mdomoni. Espreso haina subira hiyo. Maji ya moto yenye mgandamizo wa bar 9 hupenya gramu 18 za unga ulioshindiliwa kwa muda usiofika nusu dakika, na kitu pekee kinachoyazuia yasipite mbio ni ule unga wenyewe. Meno ya mashine yakiachana kwa mikroni 20 zaidi, yaani sehemu mbili katika mia za milimita, utaiona tofauti kikombeni.

Ndiyo maana mashine nyingi zilizosaga vizuri kwa miaka, kwa kahawa ya kuchuja, huonekana mbovu siku mwenyewe anapoleta mtambo wa espreso nyumbani. Nimefungua zangu na za jamaa na majirani, na malalamiko ni yaleyale. Nimeyapanga kwa maneno ya watu wenyewe. Chini ya kila moja nimeanza na sababu inayotokea sana, na ukaguzi usiohitaji bisibisi.

Mashine ninazozungumzia ni za meno, si zile za kisu kinachokatakata kama blenda. Ya kisu haitatoa espreso, hata uitikise vipi. Za meno ni za aina mbili: yenye koni inayozunguka ndani ya pete iliyotulia, na yenye sahani mbili zinazotazamana, moja inazunguka na nyingine imetulia. Kwenye aina zote mbili kazi ni moja, kuweka umbali sahihi kati ya meno na kuufanya uwe sawa pande zote. Karibu kila dalili hapa chini inarudi kwenye hayo mawili.

Kabla hujagusa skrubu

Pata mizani ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na saa. Kipimo cha kuanzia ni gramu 18 za unga, gramu 36 za espreso kikombeni, sekunde 25 hadi 30 tangu ubonyeze swichi. Si sheria ya ladha. Ni mahali pa kusimama ili ujue umesogea kwenda wapi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukiandike. Anayebadilisha namba ya kusaga, uzito na nguvu ya kushindilia asubuhi ileile hatajua kipi kimemponya.

Chomoa plagi ukutani kabla ya kuingiza kidole, brashi au bisibisi ndani. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi. Kama mashine bado ina dhamana, soma masharti yake kabla ya kufungua kifuniko cha mota. Kutoa pete ya meno kwa usafi huwa hakuna shida, lakini kufika kwenye nyaya ni jambo lingine.

"Nimefika namba ndogo kabisa, bado inakimbia"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalowafanya watu wanunue mashine mpya bila sababu. Gramu 36 zinatoka kwa sekunde 12, rangi imepauka, ladha ni chachu.

Anza na kahawa yenyewe. Buni zilizokaa wiki nyingi tangu kukaangwa zimeshapoteza gesi, na maji hayapati upinzani. Mfuko wa dukani usio na tarehe ya kukaanga unaweza kukupotezea wiki nzima ukilaumu chuma. Sisi tunaoishi karibu na mashamba ya Kilimanjaro, Mbozi au Nyeri hatuna kisingizio: tafuta kahawa iliyokaangwa ndani ya mwezi, iache ipumzike siku 7 hadi 14, ndipo upime. Ikitulia kwenye sekunde 25 na kahawa hiyo, mashine haikuwa na kosa.

Kama bado inakimbia, pima uzito wa unga ulioingia kwenye kichujio. Mashine inaweza kupokea gramu 18 za buni ikatoa 16 za unga, nyingine zikabaki ndani. Hilo peke yake linatosha kuifanya espreso ikimbie.

Sasa tafuta sifuri ya kweli. Namba zilizochorwa kwenye pete ya nje ni za mchoraji. Mahali meno yanapogusana ndiyo ukweli. Chomoa plagi, toa buni zote, zungusha koni au sahani kwa mkono huku ukisogeza pete polepole kuelekea laini. Pale utakaposikia chuma kinakwaruza chuma ndipo sifuri. Kama mashine yako haikuruhusu kuzungusha kwa mkono, irudishie plagi, iwashe tupu bila buni na usogeze kidogokidogo. Mara tu ikilia kama ndege mdogo, rudisha nyuma na uzime papo hapo. Usiache meno yakisagana hata kwa sekunde mbili. Ukimaliza, chomoa tena kabla ya kuendelea.

Jibu la jaribio hili linagawa njia mbili. Ikiwa meno yamegusana kabla hujafika mwisho wa namba, umbali unao wa kutosha, na tatizo liko kwenye uchakavu au kupinda. Ruka hadi sehemu ya mikondo hapo chini. Ikiwa umefika mwisho wa namba na hayajagusana, mashine haijaruhusiwa kushuka, na hapo marekebisho ndiyo yanaanza.

Kwanza usafi. Toa pete ya juu, safisha kwa brashi kavu kikalio chake na mahali kinapokaa. Unga uliogandamana chini ya pete huinyanyua. Unene wa karatasi moja, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, unatosha kuharibu kila kitu. Angalia pia kama gaskiti ya silikoni imekaa sawa, haijajikunja.

Pili, angalia masikio ya plastiki yanayoshika pete. Kwenye mashine nyingi ndogo za koni, pete hukaa kwenye kishikio cha plastiki chenye masikio madogo, na jiwe likiingia masikio hayo ndiyo hukatika mwanzo. Yakikatika, pete hupanda kila meno yanapobanwa, na utaona unga mnene hata kwenye namba 1. Usigundishe kwa gundi. Joto na mtetemo vitaiachisha, na vipande vyake vitaingia kwenye kahawa. Agiza kishikio kipya.

Tatu, tafuta marekebisho ya ndani yaliyowekwa na kiwanda. Watu wengi hawajui kwamba yapo. Breville Smart Grinder Pro na Barista Express, ambazo Ulaya huuzwa kwa jina la Sage, zina pete ya juu yenye namba 1 hadi 10 ubavuni, na kiwandani huwekwa 6. Toa pete, zungusha hadi 5 au 4, irudishe, na mwendo wote wa namba za nje unashuka. Baratza Encore, mashine ya koni ya milimita 40 yenye hatua 40, ina skrubu ya kurekebisha mwanzo wa namba zake, na hiyo huipeleka laini zaidi. Hata hivyo Encore ya kawaida ilibuniwa kwa kahawa ya kuchuja; kampuni hiyohiyo ilitoa Encore ESP, ambayo hatua 20 za kwanza zimesogezwa karibukaribu kwa ajili ya espreso. Soma kitabu cha mashine yako kabla ya kutafuta njia ya mkato.

Nne, ikiwa hakuna marekebisho ya ndani, weka washa nyembamba, yaani kisahani bapa chenye tundu katikati. Hii ndiyo fundi anaita kuishimia mashine. Kwenye aina ambazo pete ya juu hukaa kwenye ukingo chini ya kikalio, washa ya chuma yenye unene wa milimita 0.1 hadi 0.2 kati ya kikalio na pete huisogeza pete karibu na koni. Iwe nzima, ya mviringo, na ilingane pande zote. Vipande vitatu vya kopo la soda vinafanya kazi jioni moja kisha kimoja huteleza, na kipande cha bati kati ya meno kitayang'oa. Baada ya kuweka washa, tafuta sifuri upya kwa mkono. Sifuri mpya itakuwa mahali pengine, labda katikati ya namba, na kuanzia siku hiyo hutakiwi kupita hapo. Mimi huweka alama kwa kalamu ya rangi ili mgeni asiyejua asizungushe hadi mwisho.

Usikate wala kuchonga kikalio ili pete ishuke zaidi. Kilichochongwa hakirudi.

"Namba hii inakimbia, inayofuata inaziba kabisa"

Hapa mashine inafika kwenye eneo la espreso, lakini hatua zake ni ndefu mno. Namba 4 inakupa sekunde 18, namba 3 inakupa matone ya sekunde 50.

Dawa ya kwanza haihitaji kifaa. Baki kwenye hatua inayokimbia, ongeza uzito wa unga kwa nusu gramu, kutoka 18 hadi 18.5, kisha 19 kama kichujio kinaruhusu. Au baki kwenye hatua inayoziba na punguza kwa nusu gramu. Nimeishi na mashine ya hatua 40 kwa njia hii kwa muda mrefu, na kahawa ilikuwa nzuri.

Dawa ya pili ni kuondoa hatua zenyewe. Mashine nyingi za hatua zina kipini chenye springi au kigololi kinachoingia kwenye vijino vya pete. Ukikitoa, pete inazunguka bila kukwama. Rancilio Rocky, ya sahani za milimita 50, ni mfano wa miaka mingi wa mashine iliyofanyiwa hivi nyumbani. Lakini kipini kile kilikuwa na kazi: kuzuia mtetemo usizungushe pete. Ukikiondoa, lazima urudishe msuguano. Zungushia nyuzi za kikalio tepu nyeupe ya mafundi bomba, mara mbili tu, kwa mwelekeo unaokaza pete inapofungwa, mbali na mahali unga unapopita. Tepu hiyo pia hupunguza kuchezacheza kwa nyuzi zilizolegea, na mara nyingi faida hii ya pili ndiyo inayoonekana zaidi kikombeni.

Wenye mashine za mkono watazame ukubwa wa mlio mmoja, yaani hatua moja inayolia "tik" unaporekebisha usagaji. Comandante C40 husogea takriban mikroni 30 kwa mlio, na mhimili wake wa ziada uitwao Red Clix huleta 15. 1Zpresso JX-Pro ni 12.5. Kwenye mikroni 30 utabahatisha espreso. Kwenye 15 na chini unaichagua.

"Inatoka kwa mikondo, inarusha pembeni, ina uchungu na uchachu pamoja"

Maji yametoboa njia. Yamepita haraka sehemu moja na kuacha nyingine kavu. Ukipata uchungu na ukali wa limau katika funda moja, sehemu ya unga imekamuliwa kupita kiasi na sehemu haijaguswa.

Mara nyingi ni madonge tu. Chukua sindano nyembamba za milimita 0.3 au 0.4, tatu au nne, zichomeke kwenye kizibo cha chupa, na uchanganye unga kwenye kichujio kuanzia chini hadi juu kabla ya kushindilia. Kazi ya sekunde kumi. Fanya hivyo kwa siku tatu kabla ya kufungua mashine. Ikiwa mikondo imekwisha, mashine yako ina madonge, haina ugonjwa.

Ikiwa haikwisha, na hasa ikiwa unga ukiusugua kati ya vidole unahisi chenga na vumbi kwa pamoja, shuku kupinda kwa meno. Kwa mashine za sahani kuna jaribio zuri sana, na nakuomba ulifanye kwa utulivu siku ambayo huna haraka. Chomoa plagi. Safisha sahani zote mbili mpaka chuma king'ae, pamoja na migongo yake. Punje moja ya unga nyuma ya sahani inatosha kuipindisha. Paka wino wa kalamu ya ubao mweupe kwenye ukingo bapa wa nje wa kila sahani. Funga, zungusha kwa mkono ukisogeza kuelekea laini hadi ziguse kidogo tu, zungusha mara chache, fungua utazame wino umefutika wapi.

Ukifutika pande zote kwa sahani zote mbili, zimelala vizuri, achana nazo. Ukifutika upande mmoja tu kwa sahani iliyotulia huku ile inayozunguka imefutika kote, iliyotulia ndiyo imeinama. Ikiwa ni kinyume chake, inayozunguka ndiyo yenye kilima kimoja, na kilima hicho kimepita kwa mwenzake pande zote. Mantiki hii huokoa saa nyingi, kwa sababu wengi huweka foili kwenye sahani isiyo na kosa.

Foili ya jikoni ina unene wa takriban mikroni 10 hadi 20. Kata kipande kidogo, kiweke nyuma ya sahani iliyoinama, upande ambao wino HAUKUFUTIKA, kwa maana huo ndio upande ulio chini. Kaza skrubu kwa zamu, kila moja robo mzunguko, kama unavyokaza nati za tairi. Rudia jaribio. Mara yangu ya kwanza nilifungua na kufunga mara tisa, na ya tisa ndiyo iliyoleta wino uliofutika duara zima. Espreso ya siku ileile ilichukua sekunde nane zaidi kwa umbali uleule kutoka sifuri. Ukikaza skrubu na ukahisi imeanza kuzunguka bila kukaza, simama. Uzi umelika, na sahani inayofunguka katikati ya mzunguko ni hatari kwa mashine na kwa mkono wako.

Kwa koni, foili haisaidii sana. Shika mhimili, mashine ikiwa imechomolewa, uutikise kulia na kushoto. Kucheza kidogo sana ni kawaida kwa mashine za bei nafuu. Ukicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, beringi au bushi imekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kuvutia beringi.

Mwisho kabisa kwenye orodha ni meno butu. Pitisha ukucha kwenye ncha: jino zima hukwangua ukucha, butu huteleza. Mashine ya mtu anayekunywa vikombe viwili kwa siku haifiki huko upesi. Meno ya chuma husaga mamia ya kilo. Ukiona butu mapema, uliza kama kuna aliyesaga mchele mkavu humo. Watu wengi hushauriana kusafisha mashine kwa mchele. Usifanye. Mchele mbichi ni mgumu kuliko buni iliyokaangwa, hukwamisha mota ndogo, na wanga wake hubaki ndani.

"Jana ilikuwa nzuri, leo imeharibika, sijagusa kitu"

Hujagusa, lakini hewa imebadilika. Unga wa kahawa hunyonya unyevu, na masika ya Dar es Salaam au Mombasa si sawa na Juni ya Moshi. Mfuko uleule uliokupa sekunde 27 unaweza kukupa 22 au 33 ndani ya wiki moja. Buni nazo zinazeeka kila siku, kwa hiyo kusogea laini zaidi kidogokidogo kadiri mfuko unavyoisha si ubovu.

Angalia pia kahawa iliyobaki ndani tangu jana. Mashine zenye njia ndefu ya kutolea huweka gramu mbili au tatu, na hizo ndizo zinazotoka kwanza asubuhi. Saga gramu tatu uzitupe, kisha saga za kunywa. Vivyo hivyo baada ya kubadilisha namba: gramu za mwanzo ni za namba ya zamani.

Na kama umeanza kuweka gramu 18 tu badala ya kujaza bakuli la juu, tegemea tofauti. Buni zisizo na uzito juu yake hurukaruka kwenye meno kabla ya kukamatwa, na unga unabadilika. Chagua njia moja uidumu nayo.

Ikiwa hayo yote si sababu, tazama kama pete inajizungusha yenyewe kwa mtetemo. Alama ya kalamu itakuonyesha.

"Unga unaruka kila mahali, mwingine unaganda mdomoni mwa mashine"

Umeme tuli. Ni mbaya zaidi siku kavu na kwa kahawa iliyokaangwa sana. Lowesha mpini wa kijiko, ukoroge buni kabla ya kuzisaga, au nyunyiza mara moja kwa chupa ndogo ya ukungu. Tone moja au mawili kwa gramu 18. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walionyesha mwaka 2023 kwamba unyevu huo mdogo hupunguza chaji wakati wa kusaga, na espreso ikatoka polepole na nzito zaidi kwa kuwa unga haukujikusanya kwa madonge. Kwa hiyo ukianza kunyunyiza, tegemea kusogea upande mnene kidogo.

Wa pwani wawe waangalifu. Maji mengi pamoja na hewa ya chumvi huleta kutu kwenye meno. Usinyunyize buni zilizo ndani ya bakuli la juu, nyunyiza zile unazosaga sasa hivi, na kamwe usioshe pete za chuma kwa maji. Brashi kavu na kijiti cha meno vinatosha.

"Inanguruma lakini haizunguki"

Zima papo hapo. Mota iliyokwama hula umeme mwingi na kupata joto kwa sekunde chache.

Sababu ya kwanza ni kusogeza kuelekea laini mashine ikiwa imezimwa na ina buni ndani. Meno yamezibana. Chomoa, rudisha upande mnene, toa pete ya juu, ondoa buni, rudisha. Kuanzia sasa sogeza kwenda laini mota ikiwa inazunguka.

Ya pili ni jiwe. Robusta ya Kagera iliyoanikwa chini na kukobolewa nyumbani ni kahawa ninayoipenda, na huja na vijiwe. Nilipoteza pete nzima kwa kokoto ndogo kuliko punje ya harage. Tangu hapo kila kahawa isiyotoka kiwandani naimwaga kwenye sinia na kuichambua kama mchele. Ukiona jiwe, tazama kila jino kabla ya kurudisha pete.

Ya tatu ni buni ngumu. Kahawa ya milimani iliyokaangwa kidogo ni nzito na imara, na mota ndogo huishiwa nguvu. Washa kwanza, ndipo umimine buni polepole.

Ya nne ni umeme hafifu. Jaribu saa ambayo majirani hawapiki, na moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani bila ekstensheni. Hapa kwetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240, zote kwa hezi 50. Mashine aliyokuletea ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, hivyo mota ya induksheni itazunguka polepole kwa takriban moja ya sita na kupata joto zaidi. Yenye mota ya umeme mnyoofu (DC) haijali hezi. Lebo iliyo chini ya mashine ndiyo ya kusoma kabla ya plagi.

Ya tano ni kapasita ya kuanzishia. Ishara yake: mashine tupu inanguruma, ukiisukuma mhimili inaanza. Nakuomba usijaribu kuisukuma kwa kidole. Na usifungue kapasita. Huhifadhi chaji hata plagi ikiwa mezani. Mpelekee fundi wa mota.

"Mota inazunguka vizuri, kahawa haitoki"

Tazama bakuli la juu: buni zenye mafuta hushikana na kuacha uwazi katikati. Kisha njia ya kutolea, ambayo huziba kwa unga laini wenye unyevu. Safisha kwa kijiti mashine ikiwa imechomolewa. Ikiwa mota inasikika lakini koni imetulia, gia ya plastiki imelika. Kwa baadhi ya mashine gia inauzwa peke yake na kuibadilisha ni kazi ya saa moja. Kwa nyingine boksi lote limeunganishwa, na bei yake inakaribia mashine nzima.

Ikizima yenyewe katikati na kuwaka baada ya nusu saa, ni swichi ya joto inayolinda mota. Umesaga mfululizo kupita uwezo wake. Usiiruke swichi hiyo kwa waya.

Simama, usiendelee mwenyewe

Harufu ya plastiki au vanishi inayoungua. Moshi hata kidogo. Mwili wa chuma unaokutekenya mkono, kwa maana waya wa moto umegusa bodi au ethi haipo. Fyuzi inayoungua tena baada ya kubadilishwa. Waya wa plagi uliopasuka. Chuma kinachogongana kwa mlio mzito kila mzunguko, hata mashine ikiwa tupu. Kwa lolote kati ya haya chomoa, usiiwashe "tuone mara moja", mpelekee fundi wa umeme anayejua mota ndogo na umweleze dalili ilianza lini na ulikuwa unasaga nini.

Akirudisha na meno mapya, tafuta sifuri upya kabla ya kumwaga buni. Meno mapya huwa na ncha kali na utokaji wake hautulii. Kwa kilo chache za mwanzo namba itahamahama. Tumia kahawa ya bei nafuu kwa hizo, na ile nzuri ya Mbozi iache kabatini kwanza.